Jua Lilelile, Mgao Tofauti: Historia ya Mwendo wa Dunia na Tabianchi

Kila mwaka, katika siku za mwanzo za Januari, Dunia hufika mahali ilipo karibu kabisa na Jua, umbali wa kilomita zipatazo milioni 147. Mwanzoni mwa Julai huwa imesogea mbali hadi kilomita milioni 152. Hata hivyo, katika Januari hiyohiyo ambapo Dar es Salaam na Mombasa zinatokwa jasho la kaskazi, miji ya Ulaya imo katika baridi kali. Si umbali unaoleta majira. Majira huletwa na mwinamo wa Dunia, ambayo huzunguka Jua ikiwa imelala upande kwa nyuzi 23.4, hivi kwamba nusu moja ya sayari huelekea Jua huku nusu nyingine ikilipa kisogo.

Namba hizo zote hubadilika. Mwinamo huongezeka na kupungua, njia ya Dunia hurefuka na kurudi karibu na duara, na siku ya kulikaribia Jua huhama polepole kutoka mwezi hadi mwezi. Jumla ya joto tunalopata kwa mwaka mzima haiongezeki wala kupungua hata kwa asilimia 1. Kinachobadilika ni mgao wake: nani apate zaidi, na katika majira gani. Mgao huo peke yake umetosha kuifunika Ulaya ya Kaskazini kwa barafu, kuifanya Sahara kuwa nchi ya maziwa na viboko, na kuyajaza na kuyakausha maziwa ya Bonde la Ufa. Binadamu alichukua zaidi ya miaka 2,000 kulielewa jambo hili, na waliolisogeza mbele hawakuwa wote watu wa vyuo.

Nyota zinazohama: kutoka Rhodes hadi Raqqa

Karibu mwaka 130 kabla ya Kristo, mwanafalaki Mgiriki Hipparchus, aliyefanya kazi katika kisiwa cha Rhodes, alilinganisha mahali alipoiona nyota Spica na mahali Timocharis wa Aleksandria alipoiandika miaka ipatayo 150 kabla yake. Nyota ilikuwa imesogea kidogo, nayo nyingine zilikuwa zimesogea vivyo hivyo. Hipparchus akatambua kwamba zile siku mbili za mwaka ambapo mchana na usiku hulingana hazikai mahali pamoja angani, bali huhama taratibu mbele ya nyota. Leo tunajua sababu yake: mhimili wa Dunia huyumba kama pia inayozunguka, na myumbo mmoja hukamilika kwa miaka ipatayo 26,000.

Wanafalaki wa ulimwengu wa Kiislamu waliuboresha urithi huo. Al-Battani, aliyefanya kazi mjini Raqqa, Syria, mwishoni mwa karne ya 9 na mwanzoni mwa karne ya 10, alipima mwinamo wa Dunia akapata nyuzi 23 na dakika 35. Ptolemy, karne nyingi kabla yake, alikuwa ameandika nyuzi 23 na dakika 51. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kasoro za vipimo vya kale, lakini sehemu nyingine ilikuwa ya kweli, kwa kuwa mwinamo wa Dunia unapungua na bado unaendelea kupungua hadi leo.

Mwaka 1609 Johannes Kepler akaongeza jambo la tatu: njia za sayari si duara kamili bali ni duaradufu, na sayari huenda mbio zaidi inapokuwa karibu na Jua. Kazi ya Newton ikaonyesha baadaye kwamba sayari huvutana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo njia ya Dunia haiwezi kubaki na umbo moja milele. Mambo yote matatu yalikuwa yamekwisha kujulikana. Ila hakuna aliyeyahusisha na hali ya hewa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba hali ya hewa ya Dunia iliwahi kuwa tofauti.

Mawe yaliyo mbali na kwao: 1815 hadi 1840

Habari hiyo ilitoka mabondeni, kwa wakulima na wawindaji wa Uswisi. Huko kulikuwa na majabali makubwa ya granaiti yaliyokaa juu ya miamba ya aina nyingine kabisa, mbali sana na milima yalikotoka. Wasomi wengi walisema yaliletwa na gharika. Jean-Pierre Perraudin, mwindaji wa mbuzi mwitu katika bonde la Bagnes, hakuridhika na jibu hilo. Alikuwa ameiona barafu ya milimani ikisukuma mawe na kukwaruza miamba inapopita, na mikwaruzo hiyohiyo aliikuta chini kabisa bondeni ambako hakukuwa na barafu. Mwaka 1815 alimwambia mgeni wake, Jean de Charpentier, mkurugenzi wa machimbo ya chumvi ya Bex, kwamba zamani bonde lote lilijaa barafu. Charpentier hakusadiki.

Aliyesadiki, baada ya miaka ya kuchunguza, ni mhandisi Ignaz Venetz. Mwaka 1818 ziwa lililokuwa limezuiwa na barafu ya Giétro lilipasuka na kuua watu katika bonde hilohilo, na Venetz ndiye aliyekuwa amepewa kazi ya kuyapunguza maji yake. Alizidi kuitembelea barafu na kusoma alama zake, na mwaka 1829 akawaeleza wanasayansi wenzake kwamba barafu iliwahi kuenea mbali sana nje ya Alps. Charpentier akageuka na kuwa mtetezi wa nadharia aliyoikataa. Yeye naye, mwaka 1836, akamshawishi Louis Agassiz, bingwa kijana wa visukuku vya samaki.

Julai 1837, mjini Neuchâtel, wajumbe wa chama cha wanasayansi wa Uswisi walikuja kumsikiliza Agassiz akieleza habari za samaki. Badala yake aliwahutubia juu ya zama za barafu. Wengi walikasirika. Lakini mwaka 1840 alichapisha kitabu chake kuhusu barafu za milimani, na polepole ushahidi uliokuwa umelala wazi katika Ulaya na Marekani Kaskazini ukawashinda wapinzani. Sasa swali likawa moja: ni nini kilicholeta barafu hiyo, na ni nini kilichoiondoa?

Adhémar na Croll: miaka ya kuangalia majira ya baridi, 1842 hadi 1890

Jibu la kwanza lenye mizizi angani lilitolewa mwaka 1842 na Joseph Adhémar, mwalimu wa hisabati mjini Paris. Alianzia kwenye kanuni ya Kepler. Kwa kuwa Dunia huenda polepole inapokuwa mbali na Jua katikati ya mwaka, majira ya baridi ya Kusini ni marefu kuliko majira yake ya joto kwa siku saba hivi. Adhémar akasema ndiyo maana Antaktika ina barafu nyingi, na kwamba mhimili unapoyumba, zamu ya Kaskazini nayo hufika. Wakosoaji, akiwemo Alexander von Humboldt, walimwonyesha kosa. Majira yaliyo mafupi hupata Jua lililo karibu, na yaliyo marefu hupata Jua lililo mbali. Hesabu ya mwaka mzima hutoka sawasawa kwa pande zote mbili. Kama jambo lenyewe ni jumla ya joto, basi nadharia yote ilianguka.

Aliyeiokota alikuwa James Croll, aliyezaliwa Perthshire, Scotland, mwaka 1821 katika familia ya hali ya chini. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13. Alikuwa fundi wa mashine za kusagia nafaka, kisha seremala mpaka ugonjwa wa kiwiko ulipomzuia. Akauza chai, akaendesha hoteli isiyouza pombe, akauza bima. Mwaka 1859 alipata kazi ya kutunza jengo la chuo na makumbusho ya Anderson mjini Glasgow. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini maktaba ilikuwa nzuri na muda wa kusoma ulikuwepo. Mwaka 1864 mtunzajengo huyo alichapisha makala kuhusu chanzo cha mabadiliko ya hali ya hewa, nayo ikawashangaza wanasayansi wa Uingereza. Miaka mitatu baadaye aliajiriwa katika Idara ya Jiolojia ya Scotland, na mwaka 1876, mwaka mmoja baada ya kutoa kitabu chake kikuu, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Croll alileta mawazo mawili ambayo bado yamesimama. La kwanza ni kwamba nguvu ya myumbo wa mhimili hutegemea umbo la njia. Njia ikiwa karibu na duara, haijalishi sana Dunia inalikaribia Jua mwezi gani, kwa sababu tofauti ya umbali ni ndogo. Njia ikirefuka, tofauti ya mwanga kati ya kuwa karibu na kuwa mbali hupita asilimia 20, na hapo myumbo unakuwa na meno. Akitumia kanuni ambazo Mfaransa Urbain Le Verrier alizitumia kukokotoa njia ya Dunia, Croll alirudi nyuma miaka milioni tatu.

La pili ni kwamba mbingu huanzisha tu, na Dunia huendeleza. Theluji ni nyeupe, hurudisha mwanga wa Jua angani. Kwa hiyo theluji kidogo hupoza nchi, na nchi iliyopoa hushika theluji zaidi. Mikondo ya bahari nayo huhama na kuongeza baridi. Hivyo sababu ndogo inaweza kuzaa matokeo makubwa.

Kosa lake lilikuwa kuangalia majira ya baridi. Aliamini kuwa barafu hukua pale majira ya baridi yanapokuwa makali. Mwinamo wa Dunia hakuweza kuutumia vya kutosha, kwa kuwa mabadiliko yake yalikuwa hayajakokotolewa. Hesabu zake zilionyesha kwamba zama za barafu za mwisho ziliisha miaka ipatayo 80,000 iliyopita, lakini wanajiolojia waliochunguza jinsi maporomoko ya Niagara yalivyokuwa yakila mwamba walisema barafu iliondoka juzijuzi kuliko hapo. Croll alifariki mwaka 1890, na nadharia yake ikawekwa kando.

Mhandisi wa zege: 1909 hadi 1941

Milutin Milanković alizaliwa mwaka 1879 kijijini Dalj, katika milki ya Austria na Hungaria. Alisomea uhandisi mjini Vienna, akapata udaktari mwaka 1904, akajenga jina katika majengo na madaraja ya zege. Mwaka 1909 aliiacha kazi hiyo yenye kipato kizuri na kuhamia Belgrade, Serbia, kufundisha hisabati. Alitaka tatizo kubwa la maisha yake, akalipata: kukokotoa, kwa kanuni za fizikia pekee, joto la mahali popote pa Dunia katika wakati wowote uliopita. Mjerumani Ludwig Pilgrim alikuwa amekwisha kutoa mwaka 1904 hesabu za mambo yote matatu kwa miaka milioni moja iliyopita: kurefuka kwa njia, mwinamo na myumbo. Kilichobaki kilikuwa kuzigeuza namba hizo ziwe joto.

Mwaka 1914 alioa, akaenda na mkewe Dalj kupumzika. Vita Kuu ilipoanza, Milanković, raia wa Serbia, alijikuta katika nchi ya adui. Alikamatwa na kufungwa katika ngome ya Osijek, na usiku wa kwanza aliokaa kifungoni alitoa karatasi zake akaanza kuandika. Profesa mmoja wa Vienna aliyemfahamu alimwombea, akaruhusiwa kuishi Budapest chini ya uangalizi. Huko maktaba ya Chuo cha Sayansi cha Hungaria ilimfungulia milango, naye akaitumia miaka ya vita kufanya hesabu. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka Paris mwaka 1920.

Kitabu hicho kilifika mikononi mwa Wladimir Köppen, Mjerumani aliyekuwa mzee wa elimu ya hali ya hewa, na mkwewe Alfred Wegener, yuleyule aliyesema kuwa mabara huhama. Köppen alimpa Milanković ufunguo ambao Croll hakuupata. Katika nchi za kaskazini ya mbali, majira ya baridi daima huwa baridi vya kutosha kuleta theluji. Kinachoamua ni kama majira ya joto yanaweza kuiyeyusha yote. Majira ya joto yakipoa, theluji ya mwaka huu hubaki, ya mwaka ujao huikalia juu yake. Haba na haba, kwa maelfu ya miaka, huwa barafu yenye unene wa kilomita. Basi swali halikuwa Dunia imepata joto kiasi gani kwa mwaka, bali Kaskazini imegawiwa kiasi gani wakati wa majira yake ya joto.

Milanković alikaa mezani kwa siku zipatazo 100, akifanya hesabu kutwa kwa kalamu na karatasi. Alitoa mistari ya joto la majira hayo kwa latitudo za nyuzi 55, 60 na 65 Kaskazini, kwa miaka 600,000 iliyopita na zaidi. Köppen na Wegener waliichapisha katika kitabu chao cha mwaka 1924. Vipindi vya baridi katika mistari hiyo vilionekana kulingana na zama nne za barafu ambazo Albrecht Penck na Eduard Brückner walikuwa wamezitambua katika Alps.

Mwaka 1941 Milanković alikusanya kazi yake yote katika kitabu kimoja kikubwa. Siku chache baada ya kuchapwa, tarehe 6 Aprili, ndege za Ujerumani zilishambulia Belgrade na kiwanda cha uchapaji kikaharibiwa. Karatasi nyingi zilizokwisha kuchapwa zilinusurika ghalani, na kurasa chache tu zikabidi zichapwe upya.

Miaka ya shaka, na mkanganyiko wa mvua za Afrika

Wakati Ulaya ikibishana juu ya barafu, Afrika Mashariki ilikuwa na alama zake. Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory alipanda Mlima Kenya na kuona kwamba barafu yake iliwahi kushuka chini sana kuliko alivyoikuta. Katika Bonde la Ufa, juu ya maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Naivasha, kulikuwa na fukwe za kale zilizoachwa juu mlimani na maji yaliyokwisha kuondoka. Kuanzia miaka ya 1920, E. J. Wayland nchini Uganda na Louis Leakey nchini Kenya walijenga nadharia ya zama za mvua. Waliziita kwa majina ya huku: moja ilipewa jina la mto Kagera, nyingine la vilima vya Kamasia karibu na Baringo, nyingine la pango la Gamble karibu na Elmenteita. Walichukulia kwamba Ulaya ilipokuwa katika barafu, Afrika ilikuwa katika mvua. Mkutano wa wataalamu wa historia ya kale ya Afrika uliofanyika Nairobi mwaka 1947 ulitumia mpangilio huo.

Kisha njia mpya ya kupima umri ikavuruga mambo kila upande. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Willard Libby na wenzake mjini Chicago waligundua jinsi ya kupima umri wa mabaki ya viumbe kwa kutumia kaboni 14. Vipimo vya Marekani vilionyesha barafu ikienda na kurudi katika nyakati ambazo mistari ya Milanković haikuzitarajia. Wataalamu wa hali ya hewa nao walisema mabadiliko ya mwanga aliyoyakokotoa ni madogo mno. Tena, kama Kaskazini na Kusini hupokezana zamu ya myumbo, mbona barafu ilikua pande zote mbili kwa wakati mmoja? Milanković alipofariki mwezi Desemba 1958, wanasayansi wengi walikuwa wameiacha nadharia yake.

Tope la Bahari ya Hindi: 1947 hadi 1976

Ushahidi ulioirudisha nadharia ya Milanković ulitoka chini ya bahari. Mwaka 1947 Harold Urey, mwanakemia wa Chicago, alieleza kwamba gamba la kiumbe wa baharini huhifadhi kumbukumbu ya joto la maji katika uwiano wa oksijeni nyepesi na oksijeni nzito. Mwanafunzi wake Mwitalia, Cesare Emiliani, alipima magamba ya foraminifera, viumbe wadogo mno waliozama na kuwa tope sakafuni mwa bahari. Mwaka 1955 alitangaza kwamba zama za barafu hazikuwa nne tu. Kulikuwa na mfululizo wa kupanda na kushuka. Mwingereza Nicholas Shackleton alionyesha mwaka 1967 kwamba kipimo hicho hueleza hasa kiasi cha barafu duniani, maana barafu hufungia oksijeni nyepesi nchi kavu na kuiachia bahari iliyo nzito.

Kisiwani Barbados, matuta ya matumbawe yaliyoinuliwa juu ya maji yalipimwa umri kwa urani. Yalionyesha kwamba bahari ilikuwa juu miaka ipatayo 125,000, 105,000 na 82,000 iliyopita, nyakati ambazo Kaskazini ilikuwa ikipata majira ya joto makali. Mwaka 1968 Wallace Broecker na wenzake waliandika kwamba Milanković huenda alikuwa sahihi.

Jaribio la kumaliza ubishi lilihitaji tope lililotua bila kukatizwa na kwa kasi ya kutosha. James Hays wa New York alilipata kusini mwa Bahari ya Hindi, katika sampuli mbili ndefu zilizochotwa sakafuni na meli za utafiti. Zikiunganishwa, zilifika miaka 450,000 nyuma. Hays, John Imbrie na Shackleton walizichambua kihisabati kutafuta mapigo yaliyojirudia. Tarehe 10 Desemba 1976, katika jarida la Science, walitoa jibu: kulikuwa na pigo la miaka ipatayo 100,000, sawa na kurefuka kwa njia, pigo la miaka ipatayo 42,000, karibu sana na mzunguko wa mwinamo, na mapigo ya miaka ipatayo 23,000 na 19,000. Haya mawili ya mwisho ndiyo yaliyokata shauri. Mbelgiji André Berger, kwa hesabu za angani peke yake, alikuwa amepata kwamba myumbo, ukichanganyika na mwendo wa njia yenyewe, hutoa mizunguko miwili ya namna hiyo hasa. Tope na mbingu zilikuwa zimesema jambo moja bila kuulizana.

Afrika yapata jibu lake: 1972 hadi 2007

Kwa Afrika ya Tropiki, kaboni 14 ilikuwa imekwisha kuandaa mapinduzi yake. Mwaka 1972 Karl Butzer, Glynn Isaac, Jonathan Richardson na Celia Washbourn-Kamau walichapisha umri wa fukwe za kale za maziwa ya Afrika Mashariki. Maziwa hayakujaa barafu ilipokuwa kubwa. Yalijaa baada yake, kati ya miaka 10,000 na 8,000 iliyopita hivi. Barafu ilipokuwa imeenea, Afrika Mashariki ilikuwa kavu. Hata Ziwa Viktoria lilikauka kabla ya kujaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Ndoa ya zama za mvua na zama za barafu ikavunjika.

Sababu ilielezwa mwaka 1981 na John Kutzbach wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alichukua programu ya kompyuta ya hali ya hewa akaipa mwinamo na njia ya Dunia ya miaka 9,000 iliyopita. Wakati ule Dunia ililikaribia Jua katikati ya mwaka, si Januari, na mwinamo ulikuwa mkubwa kidogo. Mwezi wa Julai Kaskazini ilipata mwanga zaidi ya leo kwa asilimia 7 hivi. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa yake hupanda, na upepo wenye unyevu huvutwa kutoka baharini kuja kuijaza nafasi. Mgao ulipobadilika, pepo za msimu za Afrika na Asia zikapata nguvu na kuingia ndani ya bara. Huo ni utaratibu uleule ambao kwa karne nyingi umeyasukuma majahazi kati ya Uarabuni, India na pwani yetu, ila ukiwa umeongezewa nguvu.

Sahara ikaota nyasi. Ziwa Chad likawa bahari ya nchi kavu. Watu walichora miambani huko Tassili n'Ajjer, Algeria, wanyama na makundi ya ng'ombe mahali ambapo leo ni mawe na mchanga. Ziwa Turkana lilipanda mita zipatazo 80 hadi 100 juu ya kiwango cha karne iliyopita na kumwaga maji yake kuelekea Nile, na hadi leo samaki wake, sangara akiwemo, ni ndugu wa samaki wa Nile. Mgao uliporudi nyuma, mvua zikarudi nyuma. Miaka ipatayo 5,000 iliyopita sehemu kubwa ya Sahara ilikuwa jangwa tena, na watu na mifugo walikuwa wamehama.

Utafiti ukazidi kurudi nyuma. Katika vilima vya Tugen, ndivyo vile vya Kamasia vilivyompa Leakey jina la zama zake za mvua, wanajiolojia walikuta tabaka za magamba ya mwani zilizoachwa na maziwa yenye kina, zikipishana na tabaka za nyakati za ukavu, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.7 na milioni 2.55. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba maziwa hayo yalikuja na kuondoka kila miaka ipatayo 23,000, mapigo yaleyale ya myumbo. Leakey alikuwa ameona sawa kwamba mvua za huku zilikuja na kuondoka. Mwendo wa mvua hizo ndio ulikuwa wa saa nyingine, si ile ya barafu ya Ulaya.

Mwaka 2005 sakafu ya Ziwa Nyasa ilitobolewa, na matokeo ya mwaka 2007 yalisimulia ukame mkubwa kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ambapo kina cha ziwa kilipungua kwa mamia ya mita. Zilikuwa nyakati ambazo njia ya Dunia ilikuwa imerefuka. Myumbo ulikuwa na meno, kama Croll alivyosema, na kila mgao ulikwenda hadi mwisho wake.

Barafu ya Antaktika, na fumbo lililobaki

Kuanzia miaka ya 1980, wanasayansi wa Urusi na Ufaransa walisoma hewa ya kale iliyofungiwa katika barafu ya Vostok, Antaktika. Mwaka 1999 rekodi yao ilifika miaka 420,000, na baadaye mradi wa Ulaya ukafika 800,000. Katika zama za barafu hewa ukaa, gesi inayozuia joto lisipotee angani, ilikuwa karibu sehemu 180 kwa milioni. Katika zama za joto ilifika karibu 280. Hapa likapatikana jibu la lile swali la pande mbili. Mgao wa Jua huanzia Kaskazini, lakini bahari zinapobadilika, hewa ukaa hupanda au kushuka, nayo huenea duniani kote na kuzibeba Kaskazini na Kusini pamoja.

Pwani yetu nayo ilibebwa. Miaka ipatayo 20,000 iliyopita, maji yalipokuwa yamefungwa katika barafu, bahari ilishuka mita zipatazo 120, na Unguja ikaungana na bara. Katika pango la Kuumbi, kusini mashariki mwa kisiwa hicho, imekutwa mifupa ya punda milia, mnyama ambaye hawezi kuvuka mkondo wa bahari. Pemba, iliyotengwa na mkondo wenye kina kirefu, ilibaki kisiwa.

Fumbo moja bado linachunguzwa. Hadi miaka ipatayo milioni moja iliyopita, barafu ilifuata mwinamo na kuja kila miaka 41,000. Kisha ikabadili mwendo na kufuata pigo la 100,000, ambalo kwa hesabu ya mwanga ndilo dhaifu kuliko yote. Maelezo mengi yametolewa, mengi yao yakitazama ukubwa wa barafu yenyewe na hewa ukaa. Yote yanakubaliana na wazo la pili la Croll, kwamba mbingu huanzisha na Dunia huendeleza.

Zama zetu

Mgao wa leo ni huu: Dunia hulikaribia Jua Januari, mwinamo unapungua, na majira ya joto ya Kaskazini yamekuwa yakipoteza mwanga kwa miaka ipatayo 10,000. Kwa hesabu ya angani, Dunia ingekuwa inapoa taratibu. Na kwa kuwa njia yake sasa iko karibu na duara, Berger na mwenzake Marie-France Loutre walikokotoa mwaka 2002 kwamba zama hizi za joto zingeweza kuendelea kwa miaka 50,000 mingine.

Lakini Dunia haipoi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 imepata joto kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi, na hewa ukaa imepita sehemu 420 kwa milioni, kiwango kisichoonekana popote katika miaka 800,000 ya barafu ya Antaktika. Kupanda kutoka 180 hadi 280 kulichukua maelfu ya miaka. Sisi tumeongeza zaidi ya hapo kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi katika muda wa karne mbili na nusu. Tangu karibu mwaka 2010, maji ya Baringo na Nakuru yamepanda tena na kumeza nyumba, mashamba na shule. Myumbo unaohitaji miaka 23,000 hauwezi kufanya hivyo katika muda wa mtoto kumaliza shule.

Wako wanaosema kwamba tabianchi imekuwa ikibadilika siku zote, kwa hiyo hakuna la kuhofia. Sehemu ya kwanza ni kweli, na historia hii ndiyo ushahidi wake. Lakini ushahidi huohuo unaipinga sehemu ya pili. Saa ya mbinguni tumeisoma vizuri kiasi cha kujua mishale yake iko wapi leo, na tunajua haielekezi kwenye joto hili. Pia tumejifunza kutoka Sahara, Nyasa na Unguja kwamba msukumo mdogo hutosha kuhamisha mvua na pwani. Mara zile msukumo ulitoka kwa Jua na sayari, na hapakuwa na wa kuombwa apunguze. Safari hii unatoka kwetu, na kiasi chake kiko katika uamuzi wetu.